Maisha ya Nesi Ughaibuni, Sehemu ya 9: "Ni kipimo cha kawaida tu"

Najua niliwaahidi kwamba sehemu hii ingekuwa ya zamu za usiku na jinsi ya kulala mchana watoto wakiwa nyumbani. Hiyo nimeiweka pembeni kidogo, itakuja. Kuna jambo nimekaa nalo tangu mwaka jana, na Jumamosi iliyopita likaamka upya. Mwishoni nitawaambia kwa nini.

Kwa mnaonisoma kwa mara ya kwanza: mimi ni nesi, diploma ya uuguzi, mtoto wa Tabora. Nyumbani nilifanya kazi wodi ya wazazi miaka sita. Nikapata bahati nasibu ya kuja Marekani, nikahangaika na mtihani wa leseni (sehemu ya 2 na ya 3 nimeeleza vizuri), na sasa niko wodi ya uzazi kwenye jimbo moja la katikati, huku baridi inakokata masikio. Hospitali siitaji jina. Mama ninayemsimulia nimembadilishia mambo madogomadogo asitambulike.

Nitamwita mama wa chumba namba 12.

Alifika saa tisa usiku, uchungu umeshashika, na mumewe akiwa bado na buti za kiwandani. Wakongo wa Kivu, wamekaa Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Mnaojua Kasulu mnajua Nyarugusu. Nilipomsalimia kwa Kiswahili alinishika mkono akakataa kuuachia. "Dada, Mungu amekuleta." Mtoto wa nne, presha ilipanda kuanzia mwezi wa saba, alikuwa anameza vidonge asubuhi na jioni. Kliniki alikosa mara kadhaa. Mume anafanya kazi usiku kiwanda cha nyama, gari moja, basi mbili kufika kliniki, na siku nyingine anafika mkalimani hayupo anaambiwa arudi wiki ijayo.

Kwenye kompyuta, oda za daktari zilikuwa zimeshaingia. Mkojo kwa ajili ya protini, hilo kila nesi analijua, mama wa presha lazima. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine: mkojo kwa dawa za kulevya. Sababu iliyoandikwa ni mahudhurio machache ya kliniki.

Nikampa kikopo. Akaniuliza, "Dada, hii ya nini tena?"

Nikamjibu, "Ni kipimo cha kawaida tu, mama. Kila mtu anapimwa."

Sentensi ya kwanza ilikuwa nusu ya ukweli. Ya pili haikuwa kweli kabisa. Kwenye wodi yetu hawapimwi wote. Wanapimwa waliokosa kliniki, waliojifungua kabla ya wakati, wenye historia fulani, na wakati mwingine wale ambao mtu fulani amewaangalia akahisi tu. Mimi nilijua. Lakini ilikuwa saa tisa usiku, mama anaumwa, nikaona nikianza kueleza habari za dawa za kulevya nitamtia hofu bure. Nikachagua njia fupi. Akakubali kwa sababu yangu.

Mtoto akazaliwa saa moja asubuhi, wa kike, kilo 3.2, kalia vizuri, kanyonya ndani ya nusu saa. Nikaenda zangu nyumbani nimefurahi.

Jioni narudi, napokea ripoti. Mwenzangu anasoma: "Chumba 12, presha inashuka, mtoto mzima, mkojo wa mama una amfetamini, idara ya ulinzi wa watoto imeshapigiwa simu."

Amfetamini. Mama wa Nyarugusu, hata pombe hanywi, wa kwaya.

Sasa ngoja niwaeleze hiki kipimo kinavyofanya kazi, maana hata manesi wengi hatukufundishwa. Mkojo wa hospitali unapimwa kwanza kwa njia ya haraka na rahisi. Ndani ya kipimo kuna kinga zilizotengenezwa kunasa umbo la dawa fulani. Fikiria kufuli la bei rahisi. Limetengenezwa kwa ufunguo wako, lakini ufunguo wa jirani ukiingizwa na kutikiswa kidogo linafunguka. Kipimo kinaona kitu chenye umbo linalofanana na amfetamini, kinasema ipo. Hakijui ni nini hasa.

Na orodha ya vitu vinavyoweza kufungua hilo kufuli ni ndefu. Kuna dawa za mafua zenye pseudoefedrini. Kuna setralini, dawa ya sonona ambayo wajawazito wengi huku wanaimeza, inayoweza kuonekana kama dawa za usingizi za jamii ya valiamu. Hata sabuni: mwaka 2012 watafiti wa North Carolina walionyesha kwamba baadhi ya sabuni za kuogeshea watoto wachanga zikiingia kwenye mkojo wa mtoto zinaweza kusomeka kama bangi. Sabuni! Halafu kuna fentanili, ambayo sisi wenyewe tunaichanganya kwenye sindano ya ganzi ya mgongoni. Ukichukua mkojo baada ya sindano utaikuta kweli, ila aliyeiweka ni sisi.

Kuna na mikate. Huku wananyunyiza juu ya mkate mbegu ndogo za mmea uleule unaotoa afyuni. Mtu akila, mkojo wake unaweza kuonyesha mofini. Serikali kuu iliona wafanyakazi wanaonewa, na mwaka 1998 ikapandisha kiwango cha kuhesabia kwenye vipimo vya kazini kutoka nanogramu 300 hadi 2,000 kwa mililita moja. Maabara nyingi za hospitali zikabaki na 300. Kwa hiyo dereva wa lori na mama mjamzito wanaweza kula mkate mmoja meza moja, dereva akapita, mama akaonekana mtumiaji.

Na kuna labetaloli. Hii ni dawa ya presha, na ni miongoni mwa zile tunazozipa kipaumbele kwa wajawazito. Ikishavunjwavunjwa mwilini inaacha kitu kinachofanana sana na amfetamini. Mfamasia wetu alishatuambia kwenye semina, na mimi nikaandika kwenye daftari kama mwanafunzi mzuri.

Nikafungua orodha ya dawa za chumba 12. Labetaloli, mara mbili kwa siku.

Nikampigia daktari wa zamu. Namshukuru, hakunijibu vibaya. Akaoda kipimo cha uthibitisho, kile cha mashine kubwa inayopima molekuli moja moja na kujua hasa ni kitu gani. Nikapiga maabara kuuliza kama mkojo bado upo. Ulikuwepo kwenye friji. Ungetupwa baada ya siku chache. Ndo nikajua kwamba uthibitisho haufanyiki wenyewe. Asipouomba mtu, jibu la kufuli la bei rahisi linabaki kuwa ndo jibu.

Tatizo ni kwamba simu ilikuwa imeshapigwa, na simu ile haipigwi kinyumenyume. Majibu ya uthibitisho yanatoka maabara ya nje, siku nne au tano. Afisa wa watoto alikuja asubuhi iliyofuata, mimi nimelala nyumbani.

Usiku wa tatu nikasoma maelezo yake kwenye mfumo. Yaliandikwa kwamba mama, kupitia mkalimani wa simu, amekubali kuwa anatumia dawa kila siku.

Nikasoma mara mbili. Nikaenda chumbani. Mama hajalala, mtoto kifuani, mume amekaa kwenye kiti ameinamisha kichwa. Nikamuuliza, "Mama, walikuuliza nini?"

"Yule wa kwenye simu aliniuliza, unatumia dawa? Nikasema ndiyo. Mara ngapi? Nikasema kila siku, asubuhi na jioni, sijaruka ata siku moja."

Alisema kwa fahari. Kliniki walimsisitiza asiruke hata siku moja.

Ndugu zangu, nyinyi Waswahili mmeshaelewa. Kwetu dawa ni dawa. Panadoli ni dawa, ya presha ni dawa, ya mbu ni dawa. Ile nyingine tunaisema kwa urefu wake, dawa za kulevya, na mkalimani aliyekuwa upande wa pili wa simu hakuusema huo urefu. Neno moja limekosekana, mama mzima ameandikwa kwamba amekiri.

Nilikaa chini nikaandika maelezo yangu kwenye faili. Nilichouliza, alichojibu, tarehe aliyoanza labetaloli na dozi yake, na kwamba mkojo ulichukuliwa kabla ya kujifungua. Nikaandika pia kwamba neno la Kiswahili lina maana mbili. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nesi mgeni, lafudhi nzito, diploma ya Tanzania, naandika kupinga maelezo ya afisa wa serikali. Sisi manesi kisheria tunalazimika kutoa taarifa tukihisi mtoto yuko hatarini. Usipotoa, leseni yako iko mezani, na leseni yangu inasomesha watu wanne Tabora. Ndo maana simu inapigwa haraka. Anayepiga bila sababu hakuna anayemuuliza, anayechelewa ndo anaulizwa.

Hapa watu wanadhani sheria imelazimisha kila kitu. Sheria kuu ya ulinzi wa watoto ya Marekani ni ya mwaka 1974, ikaongezewa vipengele mwaka 2003 na 2016 kuhusu watoto wachanga waliodhuriwa na dawa. Inataka majimbo yawe na utaratibu wa kutoa taarifa na mpango wa kuitunza familia. Haisemi kila mama apimwe mkojo, na imeandika wazi kwamba taarifa peke yake haimaanishi mtoto ametendewa vibaya. Chama cha madaktari wa uzazi cha hapa kinasema mama aulizwe maswali kwanza, na kama kuna kupima, apimwe kwa ridhaa yake. Hospitali za umma za jiji la New York zilianza mwaka 2020 kudai ridhaa ya maandishi. Mahakama Kuu nayo ilishasema mwaka 2001, kwa majaji 6 dhidi ya 3, kwamba hospitali ya umma haiwezi kumpima mama bila ridhaa ili kuwapelekea polisi ushahidi. Kesi ilitoka Charleston, South Carolina. Nilipoisoma kilichoniuma ni kwamba mazungumzo ya hospitali ile na polisi yalianzia kwa nesi aliyesikia taarifa ya habari. Nesi kama mimi, huenda akidhani anaokoa watoto.

Na nani anapigiwa simu? Mwaka 1990 kulichapishwa utafiti wa kaunti ya Pinellas, Florida. Mkojo wa wajawazito weupe na weusi ulionyesha dawa kwa kiwango kinachokaribiana, weupe hata wakazidi kidogo. Lakini weusi waliripotiwa karibu mara 10 zaidi. Nawaachia hapo.

Mwingine atasema, kwa hiyo unatetea wavuta unga? Hapana. Nimewahi kumbeba mtoto wa siku mbili anayetetemeka kwa sababu mwili wake unadai heroini. Kile kilio sikisahau. Mama wa namna hiyo anahitaji tiba, na tiba ipo. Ila na yeye akijua kwamba kikopo cha mkojo kinaweza kumpotezea mtoto, atajifungulia wapi? Atakuja kliniki?

Siku ya tatu mama aliruhusiwa, mtoto akaambiwa abaki "kwa uangalizi" mpaka idara imalize. Hakuwa na homa, hakuwa na manjano. Mama alikuwa anapanda basi mbili kuja kunyonyesha na basi mbili kurudi, mshono bado mbichi, presha bado haijatulia. Usiku tulimpa mtoto maziwa aliyokamua. Mimi ndo nilikuwa nampa. Nawaambia ukweli, nilishindwa kumwangalia yule mtoto usoni.

Siku ya tano majibu yakaja. Hakuna amfetamini. Hakuna methamfetamini. Hakuna chochote.

Mtoto akaenda nyumbani. Faili la idara likabaki wazi wiki kadhaa. Afisa alienda kwao, akafungua friji, akahesabu vitanda, akawahoji watoto wakubwa shuleni kama mama huwa anabadilika tabia. Likafungwa. Barua ikaja kwa Kiingereza.

Kitu kimoja kinanirudia kila mara. Kule nyumbani, kwenye zahanati ya kijijini isiyo na umeme wa uhakika, mama akija kliniki tukimpima VVU, tunamwambia tunapima nini. Kipimo cha kwanza kikionyesha maambukizi hatumwambii "unao". Tunachukua kipimo cha pili, cha aina nyingine, ndipo tunazungumza. Hata siku ya foleni ndefu, hata glavu zikiwa zinahesabiwa. Mwalimu wetu alikuwa akikukuta umetoa jibu kwa kipimo kimoja, unarudia zamu zote za mwezi. Tulielewa kwamba jibu lile linabadilisha ndoa ya mtu, nyumba ya mtu. Sasa nimekuja kwenye jengo lenye lifti sita, mama anaandikiwa jambo la kumtenganisha na mtoto kwa kipimo kimoja ambacho maabara yenyewe imeandika chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba hakijathibitishwa.

Siku hizi nafanya hivi. Nikishika kikopo nasema jina la kipimo. "Mama, daktari ameomba mkojo uangaliwe protini, na pia uangaliwe dawa za kulevya. Hiki cha pili una haki ya kuuliza kwa nini." Naandika dawa zote alizomeza na zote tulizompa sisi kabla ya mkojo. Jibu likija, namuuliza daktari uthibitisho uko wapi kabla sijauliza kitu kingine. Wenzangu wengine wananiona nachelewesha kazi. Sawa.

Na nyinyi mnaojifungulia huku, au mna dada au mke anayejifungulia huku:

Uliza mkojo unapelekwa kupimwa nini. Ni swali halali, halina dharau.

Beba orodha ya dawa zako zote, au vichupa vyenyewe. Za mafua, za kiungulia, za mitishamba, zote.

Jibu likija baya, omba kipimo cha uthibitisho hapohapo, na omba mkojo usitupwe.

Omba mkalimani mpaka apatikane, na ukiulizwa habari ya "dawa", uliza: dawa gani? Ya hospitali au ya kulevya? Usijibu ndiyo kabla hujajua.

Na tafadhali sana, usiache dawa ya presha kwa kuogopa kipimo. Presha baada ya kujifungua inaua.

Sasa Jumamosi. Nilienda duka la Waafrika kununua unga wa muhogo na dagaa. Nageuka, mama wa chumba 12 huyu hapa, mtoto mgongoni, mkubwa sasa, ana meno. Nikafurahi, nikamsalimia. Akaitikia taratibu. Nikamuuliza presha inaendeleaje, kwa sababu mama wa presha anatakiwa kuangaliwa ndani ya siku 10 za mwanzo, na baadaye tena.

Akasema hajarudi. Tangu siku ile aliyomchukua mtoto, hajakanyaga hospitali. Vidonge viliisha. Kichwa kinauma uma, lakini anavumilia.

"Nikienda batapima tena mukojo."

Nikaanza kumweleza, nikasema mama, lile lilikuwa kosa, kipimo cha pili kilionyesha huna kitu. Aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Dada, si wewe ulisemaka ni ya kawaida?"

Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja. Nimetukanwa, nimetupiwa sahani. Hakuna kilichowahi kuniingia kama hilo.

Nikamwambia ndiyo, mimi ndiye niliyesema. Na haikuwa kweli, na nilijua. Nisamehe mama. Nikamwambia Jumanne siko kazini, nina gari, naweza kumpeleka kliniki nyingine, nikae naye chumbani, na kikopo chochote kikiletwa tuulize pamoja.

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Foleni ikasogea, ikawa zamu yake kulipa. Akamfungua mtoto mgongoni, akanipa nimshike wakati anahesabu hela.

Kesho ni Jumanne. Nimeshamtumia ujumbe. Bado hajajibu, lakini gari nimelijaza mafuta.

Tukutane sehemu ya 10, ile ya zamu za usiku niliyowaahidi.